Nani anaiita fankisheni hii?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Mbarara. Nimeajiriwa na chama cha akiba na mikopo ambacho programu yake iliandikwa kwa lugha ya C na mtu aliyekwisha kuondoka bila kuacha maelezo yoyote. Mistari yake inazidi 40,000. Uongozi unataka riba isikokotolewe tena juu ya mkopo wote wa awali bali juu ya salio linalobaki, nami naogopa kuigusa fankisheni ya kokotoa_riba, yaani kipande cha msimbo chenye jina hilo kinachofanya hesabu ya riba, kabla ya kujua ni sehemu gani nyingine zinaitegemea. Nilichora grafu ya miito ya programu nzima, yaani fankisheni ipi inaiita ipi, kwa Graphviz, programu ya kuchora grafu, nikapata picha iliyosukwa kama kiota cha mnana, isiyosomeka. Aidha, katika picha hiyo fankisheni ya toa_taarifa haiitwi na yeyote. Je, niifute?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu yangu, toa_taarifa usiifute kwanza, sababu yake nitaifikia tukimaliza habari ya riba.

Grafu tuli ya miito hutengenezwa kwa kuusoma msimbo bila kuuendesha: kila fankisheni huwa nukta moja, na kila palipoandikwa kwamba fankisheni hii inaiita ile huwekwa mshale. Kwa hiyo hueleza yanayoweza kutokea, kama ramani ya barabara inavyokuonyesha kwamba kutoka Mbarara utafika Kabale kwa kupitia Ntungamo, bila kukuambia kama basi la leo lilipita huko. Wako wanaouona huo kuwa upungufu. Kwa kazi yako mimi nauona kuwa faida, kwa sababu sehemu ya kufunga hesabu za mwaka hufanya kazi mara moja tu kwa mwaka, na ukiiendesha programu mwezi wa Machi huku ukirekodi miito kwa gprof, sehemu hiyo haitaonekana kabisa, ilhali katika grafu tuli mshale wake upo siku zote.

Ulipokosea ni kuitaka picha ya programu nzima. Swali lako ni moja: ni fankisheni zipi zinaiita kokotoa_riba, na zipi zinaziita hizo? Swali la namna hiyo hupanda juu, kinyume cha mwelekeo uliozoeleka wa kuanzia main, fankisheni ambayo programu huanza nayo, na kushuka. Programu ya cflow ya mradi wa GNU, ukiiamuru «cflow --reverse --depth=3 *.c», itakupa orodha ya maandishi ambamo chini ya kila fankisheni zimepangwa kwa ngazi zile zinazoiita. Orodha hiyo haina urembo, lakini unaweza kutafuta jina ndani yake, nami huipendelea kuliko picha yoyote.

Ukitaka picha, tumia Doxygen, ambayo kwa msaada wa Graphviz huchorea kila fankisheni picha yake ndogo. Katika faili lake la mipangilio weka HAVE_DOT na CALLER_GRAPH kuwa YES. Weka pia EXTRACT_ALL, kwa kuwa msimbo wako hauna maelezo, na EXTRACT_STATIC, kwa kuwa fankisheni zilizotangazwa kuwa static, yaani zinazojulikana ndani ya faili lake tu, huachwa nje usipoziomba. Picha ikizidi nukta 50 Doxygen huikata, na mahali palipokatwa huonekana kwa kisanduku chekundu; usidhani kwamba njia imeishia hapo.

Sasa tuseme umezipata nne: dirisha la keshia, ripoti ya mwezi, kufunga mwaka, na ujumbe wa simu kwa mwanachama. Grafu imemaliza kazi yake, na yako ndiyo inaanza, kwa sababu mshale hauonyeshi kinachopitishwa. Fungua kila moja ya hizo nne uone inaipa kokotoa_riba kiasi gani: mkopo wa awali au salio? Huenda fankisheni yenyewe haina kosa lolote, na badiliko linalotakiwa liko kwa zile zinazoiita. Hata huenda mojawapo imekuwa ikipitisha salio tangu zamani, na ukibadilisha ndani ya kokotoa_riba utaiharibu hiyo iliyokuwa sahihi. Ili kujipima, chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kwa utaratibu wa sasa riba ni 24,000 kila mwezi, jumla 288,000. Kwa salio linalopungua kwa 100,000 kila mwezi, riba huanza na 24,000, kisha 22,000, hadi 2,000 mwezi wa mwisho, jumla 156,000. Ipitishe hesabu hii katika njia zote nne, maana keshia na ripoti zikitofautiana, mwanachama ndiye atakayekuja kuuliza.

Turudi kwa toa_taarifa. Katika C anwani ya fankisheni inaweza kuwekwa ndani ya jedwali, kwa mfano jedwali la menyu, kisha ikaitwa kwa kupitia pointa, yaani thamani inayoshika anwani hiyo: «menyu[i].kazi(mteja)». Chombo chepesi huona kwamba kuna kitu kinaitwa, lakini hakijui ni kipi, hivyo mshale haupo. Tatizo hili si geni: mwaka 1979 mtafiti wa sayansi ya kompyuta Barbara Ryder alichapisha mbinu ya kuunda grafu ya miito kwa programu ambazo jina la utaratibu linaweza kupitishwa kama kigezo. Vyombo vizito zaidi huchora mshale kuelekea kila fankisheni ambayo anwani yake imechukuliwa na aina yake inalingana na pointa. Mishale ya ziada inachosha macho, lakini kwa anayetaka kufuta ni afadhali hiyo kuliko mshale uliokosekana. Chombo kisichokosea kwa programu zote hakipo wala hakitakuwapo. Hilo hutokana na uthibitisho wa kihisabati alioutoa mwanahisabati Henry Gordon Rice mwaka 1953.

Kwa hiyo litafute jina toa_taarifa bila mabano. Ukilikuta ndani ya jedwali, au limepewa qsort, signal au pthread_create, ambazo hupokea fankisheni nyingine ili iitwe baadaye, fankisheni hiyo inatumika. Usipolikuta, iondoe katika nakala ya msimbo na ujenge programu upya: kama kuna jedwali au makro (kifupisho kinachopanuliwa kuwa msimbo kabla ya kukompailiwa) inayolitaja, hata makro inayolijenga jina kwa kuunganisha vipande, kompaila au linka, inayounganisha sehemu za programu, itagoma na kukuonyesha mahali. Jenga kwa kila mpangilio wa #ifdef (amri inayochagua ni vipande vipi vya msimbo vijengwe) ambao chama chenu hutumia, na pamoja na programu ndogo zinazoendeshwa usiku na cron, kipangaji cha kazi za saa maalumu, ambazo huenda zina main zake nyingine.

Linabaki tundu moja ambalo hata linka hailioni, nalo ni dlsym, inayoitafuta fankisheni kwa jina lililoandikwa kama maandishi tu programu inapokuwa tayari inaendeshwa. Ikiwa dlsym imo katika msimbo wako, iache toa_taarifa mahali pake, uiongezee mstari unaoandika tarehe kwenye faili la kumbukumbu kila inapoitwa, kisha subiri hesabu za mwaka zifungwe.