Sindano moja inatosha, vidonge mnavidai vya nini?

Barua za mwezi huu zimejaa visu na nyuzi. Nimechagua tano. Zile za "nitajie dawa kali ya kukausha kidonda" nimeziweka kando. Nilishazijibu hadi kalamu ikachoka.

Mama wa pacha, Mafinga: Nilijifungua kwa upasuaji. Nilichomwa sindano moja kabla ya kupasuliwa, nikaruhusiwa na dawa za maumivu tu. Wifi yangu, hospitali nyingine, alipewa antibaiotiki za siku saba. Nimepunjwa?

Kamwene mama, na hongera. Hujapunjwa, wifi yako ndiye aliyezidishiwa. Sindano ile ya antibaiotiki inatakiwa iwe imeshaenea mwilini kisu kinapofungua ngozi, maana wadudu huingilia hapo. Mwaka 1961 daktari Mmarekani John Burke aliwajaribu simbilisi, hao hao mnaowafuga jikoni. Dawa ikiwatangulia wadudu ilizuia uvimbe. Ikichelewa saa tatu tangu waingie, ilikuwa kama haikutolewa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka dawa itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na haukubali kinga iendelee upasuaji ukishakwisha. Kwa sefazolini, moja ya antibaiotiki za kinga hiyo, huwa ni gramu 2, ndani ya saa moja kabla. Operesheni ikipita saa nne, au damu ikimwagika nyingi, hurudiwa mle mle chumbani. Zamani kwa wajawazito tulisubiri kitovu kibanwe kwanza kwa kumhofia mtoto. Siku hizi dawa hutangulia.

Wenzangu wa wodini watanuna, lakini niseme: dawa nyingi za siku saba tunaziandika kwa woga. Maji yamekatika, shuka hazitoshi, vifaa vimechemshwa harakaharaka, basi tunafunika yote kwa seftriaksoni, antibaiotiki ya sindano. Seftriaksoni haijawahi kunawisha mtu mikono. Mgonjwa huondoka na kuhara, fangasi, na wadudu waliokwisha kuizoea dawa.

Kijana, Mwanjelwa: Nikifungua kapsuli nikanyunyiza unga kwenye mshono, utakauka upesi?

Hapana. Mara ya nne mwaka huu! Mshono si mchuzi, hautiwi viungo.

Mzee, Uyole: Wiki ijayo napasuliwa ngiri. Nianze amoksilini sasa hivi nijikinge?

Usianze, mzee wangu. Ukimeza wiki nzima utawaua wadudu wanyonge na kuwaachia nafasi wenye nguvu, halafu hao ndio uende nao kwenye kisu. Ngiri ni upasuaji safi. Isipowekwa wavu wa kuimarisha palipoachia, mara nyingi hata hiyo sindano moja si lazima. Daktari wako ataamua. La kufanya nyumbani ni kuoga kwa sabuni usiku na asubuhi yake. Na kinena usikinyoe kwa wembe, hata shemeji akikuambia ndiyo adabu ya hospitali: vichubuko vidogo vya wembe ni milango ya wadudu. Nywele zikisumbua, zitakatwa kwa mashine huko huko. Kama una sukari, ipimwe kabla, na sigara uiache leo. Hukuniuliza, najua.

Yule wa duka la dawa anayekukatia vidonge sita kwa kuwa hela yako imeishia hapo, naye mwambie nimemsalimia.

Dada, Tukuyu: Siku ya sita mshono unatoa usaha na mwili una joto. Nina vidonge vilivyobaki vya mdogo wangu, nivimeze?

Acha kusoma, rudi leo hii ulikopasuliwa. Ukishaona usaha, habari ya kinga imekwisha. Mshono huenda ukafunguliwa, usaha utoke, kisha daktari aamue kama dawa inahitajika na ipi. Vidonge vya mdogo wako mpelekee mfamasia. (Kwa wale watakaoniandikia kwamba aliyepasukiwa kidole tumbo hupewa dawa kwa siku kadhaa: ndiyo, kwa sababu yule anatibiwa, hakingwi.)

Mwalimu, Njombe: Penisilini iliwahi kunivimbisha uso. Nikipasuliwa niseme?

Useme wakati wa kulazwa, umwambie tena daktari wa usingizi, na anayekusindikiza aseme pia. Iandikwe kwenye jalada kwa wino mwekundu. Eleza kilichotokea hasa, usiishie kwenye neno "aleji". Kuvimba uso ni hatari. Kuharisha kidogo si aleji, na wengi hunyimwa dawa nzuri kwa kuchanganya hayo mawili.