VA wamenikatalia goti na usingizi, je niwape kesi yangu wanafunzi wa sheria?

SWALI (nimelifupisha kidogo): Wakili habari za kazi. Mimi ni Mkenya niko Marekani, niliingia Army 2014 kupitia MAVNI, ule mpango wa kuchukua wahamiaji jeshini, nikawa fundi wa malori, nikapelekwa Djibouti miezi tisa, nikatoka 2019 na honorable, yaani kwa heshima. Niliomba VA, ile wizara ya maveterani yaani wanajeshi wa zamani, wanilipe fidia ya vitu vitatu, goti la kulia, masikio yanalia usiku kucha, na usingizi yaani ndoto mbaya na kushtuka shtuka. Wakanipa 10% ya ulemavu kwa masikio tu. Goti wamesema eksirei iko safi so hakuna ugonjwa, usingizi wamesema sina diagnosisi. Barua iko na kama miezi nane. Sasa kuna kampuni imenipigia inasema itanifikisha 70% halafu niwalipe nyongeza ya malipo yangu ya kila mwezi kwa miezi sita. Mzee mmoja wa kanisa naye ananiambia niende chuo cha sheria kuna kliniki ya bure, lakini nasikia wanaoshika kesi ni wanafunzi. Niko na bibi na watoto wawili, kweli niweke hii maneno kwa mikono ya watoto wa shule? Nishauri. Halafu samahani nimeandika ndefu, hata saa hii niko na hii mafua haijaisha tangu Djibouti.

JIBU: Kaka salama kabisa, na usiombe samahani kwa kuandika ndefu, manake hiyo sentensi yako ya mwisho uliyoitupia tu hapo kuhusu mafua huenda ndiyo rahisi kuliko zote, tutaifikia.

Kwanza hiyo kampuni. Usisaini. Sheria ya Marekani inasema hivi, klemu ya kwanza kabisa, yaani maombi yako ya kwanza kwa VA, hakuna mtu anaruhusiwa kukutoza hata senti, awe wakili awe nani. VA wakishatoa uamuzi ndio wakili au ejenti aliyesajiliwa na VA anaweza kukutoza, na hapo analipwa kutoka kwenye malimbikizo, ile hela ya nyuma unayolipwa kwa mkupuo. Asilimia 20 ya malimbikizo inahesabika ni ada ya haki, ikizidi thuluthi moja inahesabika si ya haki mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Sasa hao wanaotaka nyongeza yako ya miezi sita ijayo, hiyo ni hesabu ya kwao wenyewe, na mara nyingi hata hawajasajiliwa. Utauliza kwa nini hawakamatwi, basi ni kwamba adhabu ya jinai kwa watu wa aina hiyo iliondolewa kwenye sheria mwaka 2006, kukatazwa wamekatazwa ila hakuna wa kuwafunga, ndio maana wanapiga simu bila wasiwasi. Ingia tovuti ya VA, kuna sehemu ya kutafuta waliosajiliwa, andika jina la huyo aliyekupigia. Lisipotokea, achana naye, na wakikuomba paswedi yako ya VA ndio kabisa kata simu.

Haya, watoto wa shule. Naelewa hofu yako, ila nikuambie inavyoenda kwa ndani kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya, nasimamia kliniki ya namna hiyo. Kesi haiko mikononi mwa mwanafunzi. Unasaini fomu 21-22a inayomtaja wakili aliyesajiliwa, huyo ndiye mwakilishi wako mbele ya VA na leseni yake ndiyo iko mezani, halafu unatoa kibali cha maandishi kwamba mwanafunzi fulani anaweza kuona faili lako na kufanya kazi chini yake. Kila barua inayotoka inapita kwa msimamizi kwanza, na mimi huwa narudisha rasimu mara kadhaa mpaka mwanafunzi anachukia.

Na hapa nitasema kitu ambacho mawakili wenzangu wa mtaani hawatakipenda, kwa klemu kama yako nadhani mwanafunzi ni bora kuliko wakili mwenye mafaili mia mezani. Sababu ni muda tu. Mwanafunzi ana kesi mbili tatu kwa semista nzima na anapewa maksi kwa hiyo kazi. Faili lako la VA, wanaliita C-file, linaweza kuwa na kurasa mia kadhaa hata zaidi ya elfu, limeskaniwa hovyo, karatasi za meno zimechanganyika na chanjo na risiti za vifaa, na humo ndani katikati ya chanjo ya homa ya manjano na cheti cha meno ndipo unapokuta kikaratasi kimoja cha zahanati ya kikosi, mwandiko mbaya, kinasema askari ameruka kutoka kwenye lori, goti la kulia linauma, apewe ibuprofen 800 asikimbie siku tatu. Jeshini ibuprofen 800 ndiyo dawa ya kila kitu, we unajua. Kikaratasi hicho ndicho kesi. Afisa wa VA mwenye malengo ya kumaliza kila siku hakioni, wakili aliyechoka naye anaweza kukipita, ila mwanafunzi anayetaka A atasoma kila ukurasa mpaka akipate.

Hizi kliniki si za jana pia. Zamani wakili hakuruhusiwa kupokea zaidi ya dola 10 kwa klemu ya veterani, sheria ya 1864 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ikakaa mpaka 1988, kwa hiyo fikiria kwa zaidi ya miaka mia hakuna wakili aliyejifunza hii sheria kwa sababu haikuwa na chakula. 1988 Congress ndio ikaunda mahakama maalum ya rufaa za maveterani kule Washington, vyuo navyo vikaanza kuingia pole pole, Widener kule Delaware 1997, William & Mary kule Virginia 2008, Yale 2010, na sasa ziko majimbo mengi. Wanafunzi wa Yale wakiwa na wasimamizi wao ndio walioshika kesi ya Monk, na mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakubali kwamba ile mahakama ya maveterani inaweza kusikiliza kesi ya kundi zima na si mtu mmoja mmoja tu. So watoto wa shule, ndio, ila watoto wenye meno.

Tuje kwenye klemu yako. VA wanataka vitu vitatu, ugonjwa au ulemavu ulio nao sasa hivi, tukio la wakati uko jeshini, na kamba ya kuunganisha hivyo viwili. Soma barua yako uangalie ni kipi wamesema hakipo. Kwako kote kuwili wamekwama kwenye cha kwanza, wanasema huna ugonjwa. Afadhali hapo.

Kwenye goti hoja yao ni kwamba eksirei iko safi. Hiyo hoja ilikuwa na nguvu zamani, lakini mwaka 2018 kwenye kesi ya Saunders, ya mwanamama aliyekuwa Army na magoti yake yanauma bila diagnosisi ya maana, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema maumivu yenyewe yanaweza kuwa ulemavu kama yanakuzuia kufanya kazi. Kwa hiyo swali si eksirei imeonyesha nini, swali ni goti linakuzuia nini. Unaweza kupanda ngazi na mtoto mgongoni? Ukisimama kazini saa ngapi linaanza? Uliacha mpira lini? Andika hivyo hivyo, kwa mifano ya kwako, mkeo naye aandike anachokiona yeye, na mtu mmoja mliyekuwa naye karakana aandike kwamba alikuona unachechemea. Kuna kesi nyingine ya Buchanan ya 2006 inasema VA hawawezi kukataa maelezo ya mtu kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule, wanatakiwa wayapime. Halafu daktari aandike kama goti la sasa linatokana na jeshi, na kipimo chake ni cha chini, hamsini kwa hamsini inatosha. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, veterani ndiye anashinda, ndivyo sheria ilivyo.

Usingizi ni kazi zaidi kidogo. Hapa lazima upate diagnosisi na ukianza kuonana na mtu wa afya ya akili sasa hivi itasaidia, si kwa ajili ya klemu tu. Kuhusu tukio lenyewe, tangu 2010 kanuni ililegezwa, ukiwa ulikuwa sehemu yenye hofu ya kushambuliwa na maelezo yako yanaendana na mazingira ya huko, huhitaji karatasi inayothibitisha kila tukio, mwanasaikolojia au daktari wa akili wa VA au aliyepewa kazi na VA akikubali kwamba hofu hiyo inatosha na dalili zinatokana nayo, inapita.

Lakini nina wasiwasi na kitu kimoja ambacho nimekiona kwa ndugu zetu wengi. Ule uchunguzi wa C&P, yaani pale VA wanapokutuma kwa daktari akupime kwa ajili ya klemu, daktari anaingia anakuuliza unaendeleaje leo, na sisi tumelelewa hata ukiwa umelazwa hoi ukiulizwa habari unasema nzuri, tunamshukuru Mungu. Basi daktari anaandika veterani anasema anaendelea vizuri. Anakuuliza unalala, unasema nalala tu. Anakuuliza mkeo, unasema hana neno. Dakika ishirini umetoka, na ripoti inasema huna tatizo. Mwambie usiku mbaya ulivyo, si usiku mzuri. Kama mkeo alihamia kulala na watoto kwa sababu unapiga teke usingizini, sema. Usiongeze chumvi, hata kidogo, ila usimeze pia. Kliniki nzuri itakaa na wewe kabla ya uchunguzi mkiongea mambo haya, na hii peke yake ni sababu tosha ya kwenda.

Sasa mafua. Ulikuwa Djibouti baada ya Septemba 11, 2001, na sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 2022 imeitaja Djibouti kwa jina kwenye sehemu ambazo askari anachukuliwa moja kwa moja kwamba alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka na vumbi baya. Somalia imo, Oman imo pia, hizo tangu Agosti 2, 1990, ila Kenya haimo, so waliokuwa kambi ya Manda Bay kule Kenya pekee wasijichanganye. Rhinitisi sugu, sainasitisi sugu na pumu iliyogundulika baada ya huduma zote ziko kwenye orodha, na ukiwa na diagnosisi hutakiwi kuleta ile kamba ya kuunganisha, sheria imeshaifunga kwa niaba yako. Nenda kwa daktari wa pua na koo akupime akupe jina la hayo mafua. Hii ni klemu mpya, fomu 21-526EZ, na kabla hata hujaijaza tuma kwanza ile taarifa ya nia, fomu 21-0966, inakushikia tarehe kwa mwaka mzima, hata kwa simu wanapokea.

Masikio yaache, 10% ndiyo mwisho kwa mlio, hakuna cha kupigania hapo. Na hiyo ahadi ya 70%, jua VA hawajumlishi kama dukani, 50 na 30 haziwi 80, ya pili inahesabiwa kwenye kilichobaki kwa hiyo inakuja 65 ndio inapandishwa kuwa 70. Anayekuahidi namba kabla hajaona faili anakudanganya tu.

Tarehe ndiyo inayonikosesha raha. Una mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua, ukiingia ndani ya mwaka huo ukashinda, malipo yanarudi mpaka tarehe ya klemu ya kwanza, ukichelewa unaanza upya. Tangu Februari 2019 kuna njia tatu. Fomu 20-0995 ni ya kuleta ushahidi mpya. 20-0996 afisa wa juu anapitia faili lile lile bila ushahidi mpya, na unaweza kuomba aongee na mwakilishi wako kwa simu. Ya tatu ni fomu 10182 ya kwenda kwa majaji wa Bodi ya rufaa ya VA, hiyo foleni yake ni ndefu, usianze nayo. Kwako wewe goti na usingizi vyote viende 20-0995 kwa sababu una ushahidi wa kuongeza.

Kuhusu kliniki zenyewe usiende na matumaini ya kupokelewa siku hiyo hiyo. Zina nafasi chache, nyingine zinaangalia kipato, nyingi zinachukua watu wa jimbo lao, na zinaenda na kalenda ya chuo, ukipiga simu Desemba au Mei wakati wa mitihani utajibiwa na mashine. Semista ikiisha mwanafunzi wako anaondoka anakuja mwingine na utamsimulia tena kuanzia mwanzo, inachosha, nakubali, hasa mambo ya ndoto. Ila msimamizi anabaki na faili linabaki. Nyingi pia zinapenda rufaa ngumu na watu waliotolewa jeshini na karatasi mbaya, kwa hiyo wakikuambia yako ni nyepesi mno kwao usikasirike, nenda vyama vya maveterani kama DAV au VFW, au ofisi ya maveterani ya kaunti, nao ni bure na wamesajiliwa.

Piga simu kliniki mbili tatu wiki hii, uwe na DD-214, ile karatasi yako ya kutoka jeshini, barua ya VA kurasa zote hata zile za nyuma ambazo hakuna anayezisoma, na orodha ya hospitali ulizopitia. Na ikitimia miezi kumi na moja tangu tarehe ya barua hujapata mtu, jaza 20-0995 mwenyewe, ambatanisha maelezo yako na ya mkeo, tuma, mwakilishi anaweza kuingia hata kesi ikiwa imeshaanza.