Mdogo wangu, usiangalie joto la prosesa peke yake

Oktoba, saa nane mchana, kijana mmoja aliniletea kompyuta yake hapa Area C, Dodoma. Anahariri video za harusi. Alikuwa ameshapandisha kasi ya prosesa hadi GHz 4.6 na kufunga kipoozeo cha maji cha bei kubwa, lakini kila akianza kutoa video, dakika kumi haziishi mashine inakuwa nzito ghafla. Prosesa ilisoma nyuzi 68 tu. Pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoozeo, alishaibadilisha mara mbili.

Nilifungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto la kila kipande, nikashuka hadi mstari ambao hakuwahi kuufikia: VRM, nyuzi 104. Mazabodi ilikuwa inajiokoa kwa kuibana prosesa hadi GHz 0.8.

Wengi mnaoanza mnakwama hapo. VRM ni ile safu ya vipande vyeusi na koili za mraba kandokando ya soketi ya prosesa. Inapokea volti 12 kutoka pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na ushei. Ukitoa volteji ya prosesa 1.20 ukaiweka 1.35, umeme inaokula unapanda kwa karibu asilimia 27 kabla hata hujagusa kasi. Mzigo huo wote unapita kwenye VRM.

Kipoozeo cha maji kinahamisha joto la prosesa hadi kwenye rejeta, na VRM inabaki bila upepo. Feni ya kawaida inayopuliza kuelekea chini huwa inaipepea bila wewe kujua. Kwa hiyo tulichukua feni ndogo ya milimita 80, tukaifunga kwa kamba za plastiki mbele ya hitisinki ya VRM, kile chuma chenye mapezi kinachonyonya joto lake. Joto la VRM likashuka kwa nyuzi 21. Hakununua kingine.

Sasa kumbuka unaishi wapi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, na feni ileile ikizunguka vilevile inabeba joto pungufu. Halafu vumbi. Kiangazi chote linajaa kwenye mapezi ya hitisinki hadi yanafanana na blanketi. Mimi napiga blowa kila wiki mbili, nimeishika feni kwa kidole isizunguke, na kabla ya kugusa bodi nagusa kwanza chuma cha keisi kwa sababu hewa kavu ya huku inatujaza umeme tuli mwilini.

Usipime usiku wa Julai, ukiwa umevaa sweta, ukaridhika. Pima mchana wa joto, nusu saa nzima na OCCT, programu ya kuibebesha mashine mzigo mzito, keisi ikiwa imefungwa. Panda MHz 100 kwa hatua, na volteji iweke mwenyewe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe, maana bodi nyingi zikiachiwa zijiamulie hutoa kupita mahitaji. Mimi VRM ikipita nyuzi 90 narudi nyuma. Vipande vyenyewe vinaweza kuvumilia zaidi, lakini kapasita zilizo jirani zinachakaa haraka kwenye joto hilo.

Na bodi isiyo na hitisinki kabisa juu ya VRM, iache na kasi yake ya kiwandani. Juzi kijana mwingine alinibembeleza sana nimpandishie kwenye bodi kama hiyo. Nilikataa, nikamwambia hela ya kipoozeo akanunue RAM.