Bahari ya Jambiani "inapotea" mchana? Soma hii kabla hujaomba urudishiwe hela

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi. Umelipia siku nne Jambiani, Zanzibar, mwishoni mwa Desemba, wewe, mkeo na watoto watatu kutoka Dodoma. Mwenzako kazini akakutumia picha ya pwani tupu, ngalawa zimelala ubavu mchangani, akakwambia huko bahari inapotea mchana na hivyo umepigwa. Sasa unauliza uvunje uhamie Nungwi, kule kaskazini ya kisiwa, au vipi.

Hujapigwa. Picha ni ya kweli na mwenzako hakudanganya, ila alifika siku asizozijua na hakuna aliyemwambia. Mimi ni mtoto wa Jambiani. Mama yangu analima mwani tangu kilimo hicho kinaanza kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mimi nimepeleka wageni mwambani miaka kumi na moja kabla sijahamia mjini. Nitajibu kwa urefu, mwenye haraka aruke.

Ukanda wa mashariki ya Unguja, toka Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, una mwamba wa matumbawe uliokaa mbali na ufuo. Sehemu nyingi ni zaidi ya kilomita moja kutoka nchi kavu. Katikati yake ni uwanda wa mchanga na majani, umelala kama sinia. Maji ya Unguja siku za bamvua kubwa, yaani yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupanda na kushuka karibu mita nne. Ukitoa mita nne za maji kwenye sinia, linabaki sinia. Nungwi na Kendwa maji hushuka kipimo kilekile, lakini ufuo wao una mteremko, kwa hiyo unaona yamerudi hatua chache tu na unaendelea kuogelea. Tofauti ni ya ardhi. Anayekwambia Nungwi "hakuna kupwa" anakuuzia chumba.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayekata tiketi alijue: angalia mwezi kabla hujaangalia bei. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mzunguko wa saa 24 na dakika kama 50, ndiyo maana kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana pembeni, tunapata maji mafu. Hapo tofauti ya kujaa na kupwa hushuka mpaka mita moja na kitu.

Huhitaji programu yoyote kujua hili. Tafuta kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Kuanzia mwezi mosi mpaka nne hivi (yaani tarehe mosi mpaka nne ya mwezi wa Kiislamu), na kumi na tano mpaka kumi na nane, ni bamvua. Mwezi nane mpaka kumi, na ishirini na mbili mpaka ishirini na nne, ni maji mafu. Ndiyo maana Idi Ndogo kwetu bahari siku zote inatoka mbali asubuhi na kurudi alasiri kwa nguvu, kwa sababu ni mwezi mosi kila mwaka, haiwezi kuwa vingine. Idi Kubwa ni tarehe kumi ya mwezi, bahari imetulia, hata wazee hawana habari nayo. Tukiwa wadogo tulidhani bahari nayo inajua sikukuu.

Na saa zake hazihami ovyo. Bamvua ya Unguja hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne au tano, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume: yanajaa kuelekea mchana, yanapwa jioni, lakini hayaendi mbali. Kwa hiyo mtu mwenye watoto wanaotaka kushinda majini toka chai ya asubuhi, maji mafu ndiyo yake. Anayetaka kutembea mpaka mwambani, kuona pweza, viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota) na kinamama wa mwani, aje bamvua, aogelee kuanzia saa nane na nusu alasiri mpaka magharibi.

Hapo kwenye saa nisimame kidogo, maana ndipo watu wa bara na sisi tunapogombana. Jedwali la maji kwenye simu linaandika 10:00. Mwaka mmoja mgeni wangu kutoka Mwanza alilisoma usiku, akanitumia ujumbe: "Kesho maji yanatoka saa kumi, tukutane pwani." Nilikuwa harusini Makunduchi, ngoma inalia, nikajibu "sawa" bila kufikiri. Kesho yake nimefika saa kumi alasiri, ndoo mkononi na vijiti vya kuchokolea pweza, nikakuta maji yanapiga ukuta wa hoteli. Mgeni wangu alikuwa amekaa pale toka saa nne asubuhi. Akanitazama, akasema, "Bahari imekwenda, imerudi, wewe ndiyo unafika."

Kosa langu, kwa sababu ilikuwa bamvua, na saa kumi alasiri ya bamvua ni maji ya kujaa tu. Lakini angalia ubaya wake. Saa ya Kiswahili na ya Kizungu zinatofautiana saa sita, na toka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika chache. Ukikosea lugha ya saa hukosei kidogo, unakuta bahari kinyume kabisa na ulivyopanga. Halafu hakikisha jedwali lako linatumia saa za Afrika Mashariki. Nimeona mengine yana saa za Greenwich, saa tatu nyuma.

Tukija kwenye kupwa kwenyewe. Watu wanaona ni muda uliopotea, mimi naona ndiyo pwani yenyewe. Saa nne asubuhi ya bamvua, utaona kinamama wanashuka na kamba mabegani. Mashamba ya mwani ni safu za vigingi vilivyokitwa mchangani, kati yake kamba, na kwenye kila kamba vijikamba vidogo, sisi tunaviita taitai, vinavyoshika kila kichipukizi. Toka kufunga mpaka kuvuna ni kama wiki sita. Kazi hii inawezekana siku za bamvua tu, siku nyingine kamba ziko chini ya maji. Kwa hiyo mama ukimkuta shambani ana saa tatu au nne za kufanya kazi ya wiki mbili, na jua liko utosini. Msalimie, usipite juu ya kamba zake, na picha omba kwanza. Ukiwa na watoto wadadisi, wengi watakuonesha kwa furaha namna ya kufunga. Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini maji yakipata joto unaoza, unaona kamba nzima imebaki nyeupe. Wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu, inayovumilia lakini bei yake chini, na wengine wameanza kusogea maji ya kina, ambako tena lazima ujue kuogelea.

Pweza nao ni asubuhi hiyo hiyo. Shimo la pweza halionekani ukilitafuta shimo. Tafuta uchafu wake: magamba ya kaa na kombe matupu yaliyotupwa mlangoni, bado meupe, hayajaota ukungu wa kijani, na vijiwe vilivyopangwa kama mtu anaziba mlango. Ukiona hivyo mwenye nyumba yumo. Watoto wako hawatasahau. Vijiji vingine hufunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa pweza wakue, kwa hiyo uliza kabla hujamfuata mtu na kijiti chake. Na kiti cha pweza muache ndani ya maji, picha inatoka vizuri vilevile.

Viatu: nunueni yeboyebo za kufunga kabla hamjavuka. Kandambili zinanyonywa na tope hatua ya tatu. Kuna wale viumbe weusi wa miiba wamejaa kwenye mawe, mwiba wao unakatikia ndani ya nyama, na siku nne zako zimekwisha hapo.

Hatari yenyewe ni kurudi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Wavuvi wanahesabu hivi: gawa kujaa kote mafungu kumi na mbili. Saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua ya mita 3.6, kila fungu ni sentimita 30. Saa ya kwanza umepata sentimita 30, unaona mchezo. Saa ya tatu peke yake inaleta sentimita 90, hicho ni kifua cha mtoto wako wa kati. Na hayaji kutoka mbele tu kama wimbi unaloliona. Yanapita kwanza kwenye mabonde yaliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipolijua hilo kwa miguu yangu. Nilikuwa na mdogo wangu, tumeng'ang'ania pweza mmoja aliyekataa kutoka, mama mdogo ametuita mara mbili tukajifanya hatusikii. Tulipoinuka, pale mchanga ulipokuwa mkavu tulipopita tukienda pana maji ya kiunoni yanayokwenda kasi. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni, ndoo tukaiacha, pweza tukamwacha. Mama mdogo alitusubiri upande wa pili na hakusema neno mpaka nyumbani. Nyumbani alisema.

Toka siku ile natazama majani. Maji yakiwa yanatoka, majani ya chini yote yamelala kuelekea mwambani. Yakifika mwisho wake yanasimama wima, yanatikisika tu, kama hayana uamuzi. Yakianza kulala upande wa nchi kavu, geuka, hata kama umebakisha hatua ishirini kufika ulikotaka. Njia rahisi kwa mgeni ni hii: ondoka ufuoni saa moja na nusu kabla ya kupwa, na saa ya kupwa yenyewe uwe umeshaanza kurudi. Nendeni na mtu wa kijijini, anayajua mabonde.

Desemba yako itakuwa msimu wa kaskazi. Upepo unavuma vizuri mchana, Paje anga imejaa kaiti, yale matiara yanayovuta watu juu ya maji. Kuzitazama ni raha, ila watoto wasiogelee kwenye njia yao, zile kamba hazina huruma. Jambiani wako wachache, hilo ni jema lingine la kubaki ulipolipia.

Kama siku zako zitaangukia bamvua na bado watoto wanalilia maji ya asubuhi, toa siku moja, kodi gari nenda Nungwi urudi. Andaa saa mbili za njia kila upande. Asubuhi nyingine pelekeni watoto Jozani kuona kima punju, mnarudi mchana bahari nayo inarudi. Au nendeni Pingwe, kuna ule mkahawa juu ya jiwe baharini: watu wanauendea kwa miguu maji yakipwa na kurudishwa kwa mashua yakijaa. Chakula chake si cha bei ya Dodoma, lakini kwa kumuelezea mtoto kupwa na kujaa sijaona darasa linalokipita kiti kimoja pale dirishani kwa saa tatu.

Usivunje. Tafuta tarehe za mwezi za siku zako nne, ziandike hapa chini pamoja na umri wa mtoto mdogo, nitakupangia kila asubuhi. Na ukimpigia mtu wa kukupeleka mwambani, sema "saa nne asubuhi", usimsomee namba iliyo kwenye simu.