Jibu la swali la wiki: Wapelekeeni notsi

Swali la wiki: "Shule ya jirani ikikumbwa na mafuriko, wanafunzi wa shule nyingine wawasaidie kwa lipi?"

Ndugu Mhariri,

Jibu langu ni notsi. Nguo, unga na sabuni vitaletwa na wengi: misikiti, makanisa, wafanyabiashara, halmashauri. Ila mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye madaftari yake ya miaka mitatu yamelowa yakawa uji, hana wa kumrudishia isipokuwa mwanafunzi mwenzake anayesoma mtaala uleule. Huku Kigoma mvua huanza kushika Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei. Tena tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda, kuanzia mwaka 2020, vijiji vya mwambao vinajua kwamba maji hayashuki kutoka mawinguni tu. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba. Kazi ikianza Februari, muda unatosha. Ikisubiri Agosti, mtoto atapokea mzigo wa karatasi asioweza kuusoma wote.

Msiende shule nzima. Watangulie walimu wawili na viranja wawili, wakiwa na barua iliyopitia kwa Afisa Elimu Kata, wakamuulize mkuu wa shule mambo matatu: masomo gani yamepotea, kila somo limefikia mada ipi, na wanafunzi wangapi hawana kitu kabisa. Umati wa wageni 200 kwenye shule isiyo na pa kukaa ni mzigo mwingine, kwa sababu wenyeji hawatakubali mgeni aondoke bila kula. Ulizeni pia kuhusu mtaala. Ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, kwa hiyo notsi za kaka aliyemaliza zamani zinaweza kuwa na mada ambazo hazifundishwi tena.

Kunakili kwenyewe ndiko kunakoharibu miradi mingi. Watoto hupewa kila mmoja daftari lake, anaandika anachojua, na mwisho mnapata madaftari 40 ya mada ya kwanza na hakuna hata moja la mada ya mwisho. Afadhali mwalimu wa somo achague daftari moja zuri, alisahihishe kwa kalamu nyekundu kwanza, kisha agawe mada. Tuseme notsi za somo zina kurasa 60. Mwanafunzi mwenye mwandiko wa kusomeka huandika kama kurasa 3 kwa kipindi cha dakika 40; mkimharakisha, herufi zinaanza kulala. Wanafunzi 10 watamaliza somo hilo kwa vipindi viwili.

Waandike kwenye karatasi za mistari zisizofungwa, si kwenye daftari, maana watu 10 hawawezi kuinamia daftari moja. Watumie kalamu nyeusi, kwani bluu hufifia kwenye kopi, na michoro ya penseli hutoka kama kivuli, hivyo moyo, ua na ramani zipitiwe juu kwa kalamu. Upande wa kushoto waache sentimita 3 za kutoboa na kufunga uzi. Kila ukurasa uwe na jina la somo, mada na namba, kwa sababu rundo likianguka bila namba ni hasara tupu. Mwalimu asome seti nzima kabla haijaenda steshenari. Kosa moja kwenye fomula ya hisabati likitolewa kopi 80, mmefundisha kosa hilo watu 80.

Vitabu vya maktaba vilivyolowa vinahitaji mikono mapema zaidi kuliko notsi, kwani ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48. Vilivyoguswa na maji ya vyoo vitupwe, wala msivionee huruma. Vilivyobaki visimamishwe wima, vikiwa vimefunguliwa kidogo kama feni, kivulini penye upepo. Wekeni gazeti kavu kila baada ya kurasa kadhaa na mlibadilishe likilowa. Jua kali hukunja majalada. Karatasi zinazong'aa zikikauka zikiwa zimefumba, zinagandana moja kwa moja. Na ukilazimisha kuzitenganisha zikiwa bado mbichi, zinachanika.

Madawati: sugueni kwanza tope kwa maji na sabuni, msuuze, ndipo mpitishe klorini. Dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, iachwe dakika 10. Wengi humwaga klorini juu ya tope, na tope huimaliza nguvu kabla haijagusa mbao. Mchanganyiko huu ushikwe na mtu mzima aliyevaa glovu. Kuezua na kuezeka mapaa waachiwe mafundi. Hata kuokota mabati na misumari si kazi ya mtoto aliyevaa ndala.

Michango iwe ya hiari kweli. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hakuleta shilingi 500 ya kopi, na orodha ya waliochanga isibandikwe ukutani.

Kwa shule za mwambao zinazofikiwa kwa boti, msitumie maboksi. Chini ya boti ya mbao hapakosi maji, na boksi likilowa linapasuka wakati wa kushusha. Fungeni kila seti kwa nailoni mara mbili, mtie kwenye ndoo za lita 20 zenye mifuniko, na kila msafiri avae jaketi okozi. Ndoo zibaki hukohuko. Zikitobolewa na kuwekwa koki, zinakuwa za kunawia mikono mlangoni mwa vyoo.

Msomaji, Ujiji