Jibu: Mji mpya uanze na nini?

Mkuu, umeuliza mji mpya endelevu uanze na nini: barabara, umeme au nyumba. Mimi naanza na maji, na mfano tunao Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu kule ulipitishwa 1973, na mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Kanada, ulikuwa mzuri kweli: mitaa ya watembea kwa miguu, mabasi yenye njia zake. Ila kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Makutupora, na watu wanazidi kumiminika.

Piga hesabu. Mvua kule ni kama milimita 550 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 linakupa lita 50,000 hivi, si haba! Shida ni kwamba inanyesha Desemba hadi Aprili tu, kwa hiyo simtank la lita 1,000 ni pambo. Tangi la chini ya ardhi lionekane kwenye ramani ya kila kiwanja kabla hati hazijatoka. Watu wakishajenga, nani atakubali kuvunja sakafu?

Lami isubiri. Tenga tu hifadhi ya barabara, na mkondo wa maji asiuziwe mtu.