Watu wanaitikia "Amina", lakini moyo wangu haupo

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi huongoza maombi kanisani. Maneno yananitoka vizuri na watu wanaitikia, ila nikiwa peke yangu sina la kusema. Yesu alitaka tuwe kama vitoto (Mathayo 18:3). Je, niache sala za kukariri? Mtu mzima ataupataje moyo wa mtoto?

Jibu: Amina, ndugu yangu. Fungua Luka 18. Kabla tu ya watoto kuletwa, Yesu anasimulia habari za Mfarisayo na mtoza ushuru. Mfarisayo alianza vyema, kwa kushukuru. Lakini sikia alikoelekea: mimi si kama watu wengine, nafunga mara mbili kwa juma, natoa zaka. Hakuomba kitu! Ndipo wanaletwa watoto, na Luka anasema walikuwa wachanga. Hawakuja kwa miguu yao wala hawakuwa na neno la kumwambia Yesu, walibebwa. Watoto wana makosa yao (wazazi wanajua), ila mtoto mchanga hana cha kujivunia mbele ya anayembeba.

Sala za kukariri usiziache. Msalabani Yesu aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 31, "mikononi mwako naiweka roho yangu", akatanguliza tu "Baba". Anachokataza katika Mathayo 6:7 ni kupayuka-payuka, kudhani wingi wa maneno ndio unaosikiwa.

Wala utoto huu si ujinga. Paulo ameshalisema hilo, 1 Wakorintho 14:20. Wapo wanaouigiza kwa sauti ya kulialia. Mimi hunitia shaka.

Shida yako, naona, ni kwamba umezoea wasikilizaji, na chumbani hakuna wa kuitikia. Basi anza na sentensi moja ya kweli, kwa sauti unayoongea nayo nyumbani: "Baba, nina kinyongo na ndugu yangu, na leo sitaki kumsamehe." Inatisha kidogo kumwambia Mungu hivyo, lakini Zaburi ya 13 inaanza na "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" Ukishaisema, usiipambe. Nyamaza. Mama yake Samweli, Hana, aliomba midomo ikitikisika tu, sauti isisikike, hata kuhani Eli akadhani amelewa.

Na zamu yako ya kuongoza ikifika, omba lile ulilokwisha kumwambia Mungu mkiwa wawili, hata kama sala itakuwa fupi na "Amina" zitapungua.